“Jikaze” si dawa, jamani!

Haya wadau, nimerudi. Najua blogu imeota nyasi, na nyie wawili watatu mlioniandikia kuuliza kama nimeolewa, asanteni kwa kujali. Sijaolewa. Nilikuwa naogopa kuandika hiki ninachoandika leo.

Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia na madumu kuchota petroli, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Nilikuwa mgeni kwenye kazi hii ya uandishi, nikatumwa. Sitasimulia nilichokiona. Picha zilizagaa kwenye simu zenu, na mliozisambaza Mungu anawaona. Nataka kusema kilichofuata. Kwa miezi mingi nilikuwa siwezi kupita karibu na kituo cha mafuta. Bodaboda akisema “dada, ngoja niweke mafuta kidogo,” mimi nashuka, nalipa, naendelea kwa miguu. Kichwani nilijua kabisa kwamba niko Kinondoni, ni Jumanne, hakuna kinachowaka. Mwili ndio haukujua. Jasho mikononi, pumzi inakata, masikio yanavuma.

Nikamweleza mhariri wangu. Alinisikiliza, simdhulumu. Kisha akasema: “Mdogo wangu, jikaze. Kazi yetu ndiyo hii.”

Jikaze! Hiyo ndiyo tiba ya akili tunayoijua nchi hii. Mama kafiwa na mtoto, jikaze. Askari kaokota vipande vya watu barabarani usiku kucha, jikaze, wewe si mwanamume? Muuguzi kafunga macho ya maiti ya tano kwa zamu moja, jikaze, wodini kuna foleni. Lakini hebu lisikilize neno lenyewe. Kaza! Mimi nilikuwa nimeshakaza tayari. Mabega yalikuwa yamepanda mpaka masikioni, taya zinauma kila asubuhi kwa kusaga meno usingizini. Kumwambia mtu aliyekaza ajikaze ni kumpa mwenye kiu maji ya bahari.

Jirani yangu, dada mmoja muuguzi, ndiye aliyenivuta kwenda yoga. Najua, najua mtakachosema. Shangazi yangu ameshasema: “Mwanangu, hayo ni mashetani ya Kihindi.” Washkaji wa kijiweni nao wana yao: mambo ya wazungu wa Masaki, suruali za kubana na chupa ya maji ya bei mbaya. Nawajibu wote pamoja. Shangazi, wale majirani zetu Wahindi wa Kisutu tumeishi nao vizazi na vizazi, wananyoosha viungo vyao na hakuna pepo aliyeruka ukuta kuja kwetu. Na nyie washkaji, kitu hakigeuki kuwa cha wazungu kwa sababu wazungu wamekipandishia bei. Mimi nilijifunzia kwenye mkeka wa ukindu, sebuleni kwa jirani, bure, watoto wake wakitucheka mlangoni.

Mambo yenyewe ni ya kawaida mno. Unakaa. Unavuta pumzi, unaiachia taratibu kuliko ulivyoivuta. Unanyoosha mgongo na kuangalia mwili unasema nini, bila kuugombeza. Siku ya tatu, nimelala chali, nililia kilio ambacho sikukilia Msamvu. Jirani hakusema jikaze. Alileta kanga.

Kama hamtaki habari za machozi, chukueni tarakimu. Mwaka 2014 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Bessel van der Kolk, na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 64 waliokuwa wakisumbuliwa na kiwewe kwa muda mrefu, na tiba nyingine zilikuwa hazijawatosha. Kundi moja lilifanya yoga kwa wiki 10, jingine likapewa semina za afya ya wanawake. Mwishoni, kati ya 31 wa yoga, 16 walikuwa hawahesabiki tena kuwa na ugonjwa ule. Kundi la pili, 6 kati ya 29. Utafiti mdogo, ndiyo, na yoga ilikuwa nyongeza ya tiba, haikuchukua nafasi ya daktari. Lakini nionyesheni utafiti wa jikaze!

(Na aliyewahi kukaa kwenye zikri anajua pumzi za watu wengi zikienda pamoja zinamfanyia nini mtu. Sisemi zikri ni yoga. Shehe wa mtaa asinitafute.)

Kuhusu ushairi nina hasira zaidi, maana huu ni wetu na tumeuua wenyewe. Leo ukiona mshairi kapanda jukwaani, ujue mgeni rasmi yupo. Vina vimetimia, mizani imetimia, mheshimiwa kasifiwa mpaka babu yake. Shuleni tulifundishwa kutaja kituo na kibwagizo tupate alama. Nani alituambia shairi linaweza kubeba maiti?

Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Kijana wa miaka 22. Akafungiwa peke yake, akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakatolewa gerezani kwa siri, na mwaka 1973 yakawa kitabu, Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu kikapata tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga! Sitamsemea kama aliponyeshwa na mashairi yake. Ninachoona ni kwamba aliyenyimwa kila kitu alikwenda kutafuta vina.

Nami nikajaribu. Beti zangu ni mbovu, hamtaziona hapa. Lakini niligundua jambo: vina vinakulazimisha utembee polepole pale ambapo akili inataka kupita mbio. Ukihesabu mizani, huwezi kuogopa kwa kasi ileile. Na wala huhitaji vina. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, Wamarekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika mambo mazito yaliyowapata, dakika 15 kwa siku, siku nne. Walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walikuwa na huzuni zaidi siku zile, ila miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache kuliko wengine. Tafiti zilizofuata zinasema faida ipo, lakini ni ndogo. Naikubali hiyo ndogo.

Kwa hiyo msiniambie nauza miujiza. Bado naonana na mshauri wa saikolojia, na aliyefikia kutaka kujiua aende hospitali leo hii, asisubiri mkeka wala kalamu. Ninachogombania ni kingine. Chumba cha habari kinachonunua kamera mpya kila mwaka kinashindwaje kumpa mwandishi siku mbili za kupumua baada ya kuhesabu maiti, na chumba kitupu cha kunyooshea mgongo, na mtu wa kuzungumza naye? Nilimwandikia mhariri hilo kwa meseji. Akajibu “hahaha”.

Jumatatu nampelekea barua.