Ugali wa mtama na mlenda una alama ngapi?

Siku moja mtafiti anaweza kupiga hodi nyumbani kwako, akafungua dodoso lake na kuuliza: "Jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, ulikula na kunywa nini?"

Swali linaonekana jepesi. Lakini majibu ya maelfu ya akina mama ndiyo yanayoonyesha kama watu wa Chamwino, Bahi, Kongwa au Mpwapwa wanakula vizuri. Yanasaidia kuamua elimu gani itolewe na fedha za lishe zielekezwe wapi. Kwa hiyo ni vizuri kujua majibu yako yanahesabiwaje, na ni kitu gani hesabu hiyo haikioni.

Alama zinavyopatikana

Kipimo kinachotumika sana kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 kinatambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Vyakula vimegawanywa katika makundi 10:

- nafaka, mizizi na ndizi za kupika
- kunde, maharage, choroko na jamii yake
- karanga na mbegu, kama za maboga
- maziwa
- nyama, kuku na samaki, dagaa wakiwemo
- mayai
- mboga za majani ya kijani
- matunda na mboga zenye vitamini A, kama boga na embe bivu
- mboga nyingine, kama nyanya na bamia
- matunda mengine

Ukila chakula cha kundi fulani, unapata alama moja. Ukila aina tatu za nafaka, bado ni alama moja. Wanawake wanaofikisha makundi 5 au zaidi kwa siku huhesabiwa kuwa na mlo wenye mchanganyiko wa kutosha. Kitu kilicholiwa kidogo, chini ya gramu 15 ambazo ni kama kijiko kimoja kikubwa, hakihesabiwi. Matokeo yanaeleza hali ya kundi zima la wanawake, si afya ya mama mmoja.

Sahani mbili

Sasa tuchukue sahani mbili. Ya kwanza ni ugali wa mtama na mlenda mtupu: nafaka moja, mboga ya majani moja. Alama 2.

Ya pili ni chipsi mayai na kachumbari kutoka kibanda cha barabarani: viazi, mayai, nyanya na vitunguu. Alama 3. Mafuta yaliyokaangia hayahesabiwi, na soda ya kushushia haipunguzi chochote.

Je, chipsi ni bora kuliko mtama? Hapana. Kipimo hiki kiliundwa kujua kama mwili unapata vitamini na madini ya kutosha. Hakikuundwa kujua kama mtu anafuata chakula cha asili, wala kama anajiweka hatarini kupata kisukari au shinikizo la damu. Hakitofautishi dona na sembe, ingawa sembe imeondolewa pumba na kiini. Ndiyo maana siku hizi lipo pia dodoso la maswali 29 ya ndiyo au hapana, linalouliza hata kuhusu soda, vitu vitamu na vya kukaanga.

Lakini tusiipuuze ile alama 2. Inasema ukweli mchungu. Nyumba inayokula ugali na mlenda mtupu asubuhi na jioni inakula cha asili, lakini imepungukiwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, kutoka 34 mwaka 2015/16. Kusifia mtama peke yake hakutamwondoa mtoto katika idadi hiyo.

Kilimanjaro walipima vipi?

Aprili 2025, jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Kilimanjaro na watafiti wa Tanzania na Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Baadhi yao waliozoea chakula cha asili walipewa vyakula vya kisasa vilivyosindikwa na kukaangwa kwa wiki mbili. Wengine wa mjini walipewa kunde, mboga na vyakula vya asili. Damu ilipimwa kabla na baada.

Waliohamia chakula cha kisasa walionyesha dalili zaidi za uvimbe ndani ya mwili, hali inayohusishwa na magonjwa ya moyo na kisukari. Waliorudi kwenye asili walionyesha kinyume chake. Ulikuwa utafiti mdogo, wa vijana wa kiume, na chakula cha Mchaga si cha Mgogo. Hata hivyo somo ni moja: chakula cha asili kilichowasaidia kilikuwa mchanganyiko, si kitu kimoja.

Nchi za Bahari ya Kati, kama Hispania na Ugiriki, zina kipimo cha chakula chao wenyewe. Kimoja kina maswali 14: unatumia mafuta ya zeituni? Unakula kunde mara ngapi? Unakunywa soda mara ngapi? Mama wa Mvumi akiulizwa hayo, zeituni pekee ingemnyima alama, kana kwamba alizeti yake si kitu.

Dodoso la Dodoma lingeuliza mengine. Je, unga ni wa mtama, uwele au dona? Mlenda umetiwa karanga? Wiki hii mmekula kunde, choroko au njugu mawe? Ubuyu ni unga wake wa asili, au ni ule wa rangi na sukari? Maziwa yamebaki nyumbani, au yote yameuzwa?

Lingeuliza pia ni mwezi gani. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Januari na Februari mboga za porini ni tele, lakini ghala limeisha. Agosti ghala lina kitu, ila mlenda ni wa kukaushwa, na jua kali hupunguza vitamini zake. Swali la "jana ulikula nini" likiulizwa mwezi mmoja tu halitoi picha ya mwaka.

Na kuna jambo ambalo dodoso la chakula haliwezi kuliona: ukungu. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara zilikumbwa na sumukuvu kwenye mahindi. Watu zaidi ya 60 waliugua na takriban 20 walifariki. Karanga nazo hushika sumu hiyo. Hatari hupungua chakula cha shambani kwako kikikaushwa vizuri juu ya turubai na kuhifadhiwa pakavu.

Jipime nyumbani

Usiku wa leo, hesabu kwa vidole makundi mliyokula. Mkiwa na ugali wa mtama na mlenda, mna 2. Tia karanga zilizotwangwa zinazomfikia kila mmoja kijiko kikubwa: 3. Ongeza kunde: 4. Kikombe cha maziwa ya mgando: 5. Unga wa ubuyu kwenye uji wa asubuhi: 6. Vyote hivi vinapatikana uwanda wetu, na hakuna kilichotoka kwenye kikaango.

Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ikifika, mweleze mhudumu wa afya ngazi ya jamii kundi linalokosekana kwenu na mwezi linapokosekana. Na mtafiti akibisha hodi, usione haya kutaja mlenda, wala usiongeze nyama ambayo haikuwepo. Ukificha pengo, halitahesabiwa, na lisipohesabiwa halitapangiwa kitu.