Maji Meusi ya Ekzosi na Heshima ya Muuzaji



Ndugu zangu katika imani, Julai hapa Mshangano asubuhi zake ni za baridi kali. Siku moja baada ya Swala ya Alfajiri tuliliwasha gari ambalo msikiti ulilinunua likiwa limetumika, kwa ajili ya kubebea jeneza. Ekzosi ikatema maji meusi, yakarukia kanzu ya mzee wetu mmoja. Ikasemwa kuwa tumeuziwa gari bovu, na kufikia Adhuhuri maneno yalikwisha kuvuka ua wa msikiti. Nami, kwa nafasi yangu ya ukatibu, nikaandika barua ya kumtaka muuzaji arejeshe fedha.

Barua hiyo haikutumwa. Fundi alitufahamisha kwamba petroli ikiungua huzaa mvuke wa maji. Lita moja ya petroli hutoa takriban lita moja ya maji. Ekzosi ikiwa baridi, mvuke hugeuka matone, nayo hubeba masizi na kutoka yakiwa meusi. Ikipata moto, matone hukoma. Gari la safari fupi, kama letu la msikitini hadi makaburini, halipati moto wa kutosha. Maji hubaki ndani na kuleta kutu.

Dalili za ubovu ni nyingine. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto, wenye harufu ya utamutamu, huku maji ya rejeta yakipungua pasipo kuvuja nje, huashiria gasketi ya silinda hedi. Moshi wa buluu na masizi yenye utelezi ni oili inayoungua. Masizi makavu, kama ya chungu, ni petroli iliyozidi hewa. Aghalabu chanzo ni kichujio cha hewa kilichoziba au plagi zilizochoka. Uchunguzi huu ufanyike mahali pa wazi, kwa kuwa moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Kwa siku saba tuliangalia rejeta kila asubuhi injini ikiwa baridi, kwani kuifungua ikiwa ya moto ni kujiunguza. Maji hayakupungua. Matone yalikoma gari lilipokwenda mjini na kurudi. Masizi yalikuwa makavu, na kichujio kilijaa vumbi. Sisi ndio tuliokipuuza tangu tulinunue gari.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha. Sisi huikumbuka hadithi hii tunapotaka kumhukumu muuzaji. Tunasahau kwamba Mtume alitia mkono kwanza, kisha akamuuliza mwenyewe, ndipo akahukumu. Nasi tulihukumu kwa tone lililoanguka nje. Sura ya al-Hujurat imetuamrisha kuthibitisha habari na kujiepusha na dhana.

Nilikwenda kwa muuzaji kumtaka radhi, kwa kuwa maneno yalikwisha kumfikia. Alinisamehe, kisha akaniuliza jambo moja tu: kwa nini hatukumpigia simu? Sikuwa na jibu.