Samaki Wasiojua Kuelea

Mwanafunzi mmoja wa hapa Likasi ametuletea swali, nasi twalijibu kwa furaha. Ameona picha ya vijisamaki vya baharini vyenye urefu wa ukucha, vikikaa katika sanduku dogo la vioo pamoja na matumbawe ya rangi nyingi. Auliza kama twaweza kuvifuga mjini kwetu.

Vijisamaki hivyo huitwa gobi. Kwa wengi wa gobi, mapezi mawili ya tumboni yameungana na kuwa kama kikombe cha kushikia jiwe. Mmoja wao, Eviota sigillata wa matumbawe ya Australia, alitangazwa mwaka 2005 kuwa na maisha mafupi kuliko wanyama wote wenye uti wa mgongo waliokwisha kupimwa: hazidishi siku 59. Lakini sisi tu mbali na bahari, zaidi ya kilomita elfu moja, na kuyalea matumbawe ni kazi yenye gharama nyingi mno. Twamshauri kijana wetu ageuze uso wake upande wa kaskazini-mashariki, penye Ziwa Tanganyika.

Pwani ya Moba, mahali mawimbi yapigapo mawe, wako samaki wadogo, ndugu za tilapia, walioiga desturi za gobi ingawa si wa ukoo wake. Boulenger aliwaandika wa kwanza mwaka 1898, akawaita Eretmodus cyanostictus. Max Poll, Mbelgiji, akaongeza Tanganicodus irsacae mwaka 1950, akilikumbuka shirika la uchunguzi lililokuwa na maabara Uvira. Ni wafupi, wapata sentimita nane au pungufu, wenye vichwa vizito na macho yaliyo juu. Kifuko cha hewa ambacho humwinua samaki mwingine, kwao kimepungua sana. Hivyo hawaelei: huketi juu ya jiwe, huruka hadi jiwe la pili, wakaketi tena. Anayewaona mara ya kwanza hudhani ni wagonjwa.

Jambo la kustaajabisha ni malezi yao. Dume na jike hukaa wawili, mume na mke mmoja. Jike huyachukua mayai kinywani mwake kadiri ya siku kumi. Kisha humpa dume watoto wangali wachanga, naye huwabeba kinywani mwake muda kama huo. Katika samaki wa ziwa wanaobeba kinywani, wengi huwaachia akina mama peke yao kazi hiyo.

Basi, kuwafuga kwataka nini? Sanduku refu, kama mita moja, kuliko lenye kina. Mchanga, na mawe ya mviringo yaliyoota ukoga wa kijani. Jozi moja tu, kwa maana wawili wa jinsia moja hupigana vibaya. Maji yawe ya chokaa, yenye joto la nyuzi 25 hivi, nalo si jambo dogo katika usiku wetu wa Juni na Julai. Lakini kupita yote, maji yachafuke na kutoa povu saa zote. Samaki huyu amezoea hewa nyingi inayoingizwa na mawimbi. Anayemfuga hana budi kuwa yeye mwenyewe mawimbi.

Hilo tulijifunza kwa hasara. Rafiki mmoja alituletea jozi kutoka Moba katika mfuko wa maji, nayo ikazoea vizuri. Mwezi wa Julai dume alikwisha kupokea watoto. Kidevu chake kilikuwa kimevimba, naye hakula kitu. Usiku umeme ukakatika, kama wakazi wa Likasi mjuavyo, na pampu ikanyamaza. Sisi tulikuwa tumelala. Kulipokucha tulimkuta jike amekufa. Dume alikuwa hai, akitweta karibu na uso wa maji, na watoto aliowatema wametapakaa mchangani, weupe, hakuna aliyesalia. Hatumlaumu mtu. Pampu ndogo ya betri ingalitosha, nasi tulikuwa tukisema kila juma kwamba tutainunua.

Kwa hiyo, kijana wetu, nunua pampu ya betri kabla ya kununua samaki. Ikikosekana, umeme ukatikapo chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, tena na tena, mkipokezana nyumbani. Kaka zako watanung'unika, waamshe.

Pampu yetu sasa imo kabatini, betri zake mpya. Dume yungali nasi, akilala chini ya jiwe lake lile lile. Tumemwandikia rafiki yetu, naye amejibu kwamba barabara ikikauka atatuletea jike.