Mke Aliyepelekwa Bara

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na sahaba zake.

Wiki hii tunajibu swali la mama mmoja wa Mombasa. Binti yake aliolewa mwaka jana, na baada ya fungate mumewe, aliyeajiriwa Nakuru, akamchukua wakaenda kuishi huko. Mama anakiri kwamba mkwewe ni kijana wa swala, hamnyimi mkewe chakula wala mavazi, wala hajamwinulia mkono. Hata hivyo, binti hupiga simu kila jioni akilia. Mume hutoka alfajiri na kurejea magharibi amechoka. Jumamosi na Jumapili huzimaliza kwa wenzake, au juu ya kochi na simu yake. Binti alipomwomba waende wakalitazame ziwa, alijibiwa kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, na kwamba mke aliyetimiziwa kila kitu hana tena la kudai. Mama anauliza: je, binti yangu ana haki yoyote katika jambo hili? Na je, nimrudishe nyumbani?

Kwanza tuielewe hali ya binti huyu. Kutoka Mombasa hadi Nakuru ni zaidi ya kilomita 600, na ni kupanda kutoka usawa wa bahari hadi mwinuko wa kiasi cha mita 1,850. Aliyekulia katika fukuto la kaskazi huamka huko katika baridi ya Julai, akatafuta sweta kabla ya kutafuta maji ya udhu. Nazi iliyokuwa ikianguliwa uani kwao, huko ni kitu cha kununua, tena kwa kuhesabu. Sokoni Kiswahili kinasemwa, lakini si kwa maamkizi aliyolelewa nayo. Waislamu wapo Nakuru na misikiti ipo, ila mgeni hajui abishe hodi mlango upi. Hana shangazi wa kumpitia mchana, wala jirani wa kuazimana naye mbuzi ya kukunia nazi. Mumewe naye ni mgeni, lakini kazi yake imempa wenzake wa kuzungumza nao kutwa. Mke amebaki na kuta nne.

Sasa tuje kwenye sheria. Wanazuoni wetu wanapoitaja nafaka ya mke, hutaja chakula, mavazi na makazi. Matembezi hawayahesabu humo, na hatutaki kumzulia mume faradhi ambayo sheria haikumwekea. Lakini nafaka si ndoa yote. Qur'ani imewaamrisha waume wakae na wake zao kwa wema, na amri hiyo haiishi kwenye gunia la mchele. Wako wanazuoni waliojadili hata suala la mume kumtafutia mkewe mwenzi wa kumliwaza, iwapo amemweka mahali pa upweke wenye kumtia hofu. Maana yake ni kwamba upweke wa mke si upuuzi wa wanawake. Ni jambo lililofika katika vitabu vya fiqhi.

Na kama matembezi ni mambo ya Wazungu, basi tumuulize kijana wetu atasema nini juu ya Mtume (s.a.w.). Alikuwa safarini, akawaambia watu watangulie, kisha akashindana mbio na Bi Aisha (r.a.), na Bi Aisha akamshinda. Siku zikapita, wakashindana tena, safari hii akashinda Mtume, akamtania kuwa huko ni kulipana. Na Wahabeshi walipokuwa wakicheza kwa mikuki yao msikitini Madina, alimsitiri mkewe nyuma yake ili atazame, akasimama mpaka Bi Aisha mwenyewe alipotosheka. Aliyesimama hapo alikuwa mkuu wa umma, mwenye wahyi wa kupokea na wajumbe wa kuwasikiliza. Sisi tunaodai kuchoka tuna shughuli gani kubwa kuliko yake?

Basi tunamwambia kijana: umemtoa mwenzio kwao, nawe umempeleka katika nchi ambayo watu huvuka bahari kuja kuitazama. Mtembeze. Mengine hayahitaji fedha nyingi.

Jumamosi ya kwanza mpeleke Hyrax Hill, kilima cha pimbi kilichoko nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Nairobi. Ni makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa mwaka 1965, baada ya Mary Leakey kuchimba hapo mwaka 1937 na kukuta makaburi na makazi ya watu wa kale. Mwonyeshe mashimo ya bao yaliyochongwa katika mwamba. Binti wa pwani, aliyemwona babu yake akicheza bao barazani, hatahitaji kuelezwa ni kitu gani. Huenda akagundua hapo kwamba bara si ugeni mtupu.

Jumamosi nyingine pandeni Menengai. Ukingo wake una mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na ukisimama hapo unatazama bonde lililobaki baada ya mlima wa moto kulipuka na kudidimia zamani sana. Nendeni mchana pamoja na wenzenu, wala msikaribie ukingo. Chukueni chupa ya chai na mahamri, na msisahau mswala. Sijida mahali kama hapo humkumbusha mja udogo wake.

Ziwa lenyewe lipo mlangoni mwa mji. Hifadhi ya Ziwa Nakuru ilianza kama hifadhi ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na mwaka 2011 ziwa hilo, pamoja na Bogoria na Elementaita, likaingizwa katika urithi wa dunia. Humo mna vifaru weusi na weupe, na twiga. Hairuhusiwi kutembea ndani kwa miguu, kwa hiyo asiye na gari na ashirikiane na familia nyingine mbili tatu za msikitini wakodi gari moja. Gharama itagawanyika, na mke atapata mashoga. Aambiwe mapema tu kwamba huenda asiwaone korongo wekundu kama wa kwenye picha. Tangu miaka ya 2010 maji yameongezeka sana hata yakafunika sehemu ya majengo ya hifadhi. Chumvi ikapungua, na chakula cha ndege hao kikapungua nayo, wengi wao wakahamia maziwa mengine, hasa Bogoria.

Bogoria nako panafaa, kwa siku ambayo mfuko unaruhusu. Njiani, karibu na Mogotio, mtavuka mstari wa Ikweta, na huko ziwani mtakuta chemchemi zinazotokota zenyewe kutoka ardhini. Mwenye watoto awashike mikono, kwani maji hayo huunguza.

Hapa tuongeze faida ya fiqhi, kwa kuwa swali hili huulizwa sana. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, safari inayoruhusu kupunguza swala ni ya marhala mbili, ambazo wengi hukadiria kuwa kilomita 80 na zaidi kidogo. Kwa hiyo mkazi wa Nakuru anayekwenda ziwani, Menengai au hata Naivasha, ambayo ni kiasi cha kilomita 70, huswali kamili. Akienda Bogoria kwa kupitia Marigat, njia huzidi kilomita 90, na ruhusa inampata akishatoka mjini kwake. Na picha mtakazopiga ziwe kumbukumbu yenu ya nyumbani. Heshima ya mke haianikwi mitandaoni ili wageni waitolee maoni.

Hata hivyo, Jumamosi moja haitatibu siku sita za kimya. Mume akirudi kazini, simu na iwekwe kando mpaka chakula kiliwe na habari za mchana zisikilizwe. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumba yake na kushona viatu vyake mwenyewe. Kumenya viazi pamoja na mke hakumpunguzii mwanamume hadhi yake.

Nawe binti yetu, una wajibu wako. Mwambie mumeo shida yako kwa lugha njema wakati ametulia, usingoje mpaka machozi yakusemee. Uliza msikitini kuhusu darsa za akina mama. Jifunze maamkizi ya majirani zako, hata wasio Waislamu, kwani jirani ana haki yake. Pima pia mfuko wa mumeo. Penye dhiki, kutembea pamoja baada ya Alasiri hadi mwisho wa mtaa nako ni matembezi.

Mama, jibu la swali lako la pili ni kwamba usimrudishe. Hapana dhuluma uliyoitaja inayovunja nyumba. Pana uzembe, nao hutibika. Ingekuwa pana kipigo au kunyimwa haki, tungesema mengine. Nenda ukamtembelee siku chache, umbebee nazi na viungo, kisha uwaachie nyumba yao. Mweleze baba yake kijana, amkalishe mwanawe na kumnasihi faraghani, bila ya kumfedhehesha. Na simu za kila jioni zipunguze kidogo kidogo, ili yale anayokueleza wewe ajifunze kumweleza mumewe.

Mwenyezi Mungu awatie vijana wetu mapenzi na huruma baina yao, popote riziki ilipowapeleka. Amin. Wabillahi tawfiq.