Mzee anayetengeneza gita naye anasali

Lubumbashi ni mji uliojengwa na watu wa kazi ya mikono. Kati ya 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa ule mpango wa "kuondoka kwa hiari" uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Aliyekuwa na miaka 45 wakati ule, leo amepita 65. Mambo ya pesa yamesemwa sana. Lakini wazee hao walipoteza kitu kingine ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi yoyote: hakuna tena anayeihitaji mikono yao.

Makanisa mengi huwaambia wafunge, wasali, wangoje muujiza. Kusali ni vema. Ila kuna sala nyingine ambayo makanisa ya Lubumbashi yangepaswa kuifungulia mlango: kutengeneza gita kwa mkono.

Katanga si mgeni wa kazi hiyo. Vijana wa Lubumbashi wanaijua karindula, ile banjo kubwa ya nyuzi nne inayotengenezwa kwa pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi na mfuko mtupu wa maziwa ya unga. Gita nalo lina heshima yake hapa. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco, mwana wa Bunkeya, huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na vidole vyake vikasikika hadi ng'ambo. Kinshasa nayo inamjua Misoko Nzalayala, anayeitwa Socklo, aliyetengeneza magita kwa miongo kadhaa.

Kwa nini kazi hii iitwe sala? Kwa sababu ubao haukubali haraka. Ukitumiwa mbichi, kiangazi kikifika utajikunja. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60, na shingo dhaifu haiwezi kuzibeba. Ubao wa mbele ukiwa mnene, sauti inakufa. Ukiwa mwembamba mno, unapasuka. Basi fundi anapunguza kidogo, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anapunguza tena. Kijana mwenye haraka ataona hiyo ni adhabu. Mtu wa miaka 70 ataitambua: ndivyo mtu anavyochunguza moyo wake, akiondoa kilichozidi bila kuvunja kinachobaki.

Wakristo wa Katanga wana maneno ya kulielezea jambo hili. Jamaa, iliyoanza Kolwezi miaka ya 1950 na Padri Placide Tempels katikati ya wafanyakazi wa Union Minière, ilifundisha juu ya uzima, uzazi na mapendo. Uzazi huo haukuwa wa mwili peke yake. Mzee anayemaliza gita na kulikabidhi kwa mjukuu amezaa tena: ametoa sauti itakayolia katika mikono ya mwingine, hata siku yeye hayupo.

Wapo watakaosema kwamba mzee mwenye njaa anahitaji malipo yake, si randa na gundi. Wana haki. Anayedai alipwe, na kazi hii isitumiwe kufunika deni la mtu yeyote. Wengine watasema magita ya kiwandani kutoka China yamejaa madukani, kwa hiyo la mkono halina soko. Huenda. Lakini hakuna anayeacha kusali kwa sababu sala haiuzwi. Zaidi ya hayo, gita la dukani likipasuka, kwaya inahitaji mtu wa kulitengeneza, na mtu huyo hapatikani kwa siku moja.

Vitu vinavyohitajika si vingi. Wasalesiani wako Lubumbashi tangu 1911, na Cité des Jeunes yao inafundisha vijana ufundi. Parokia na makanisa mengine yana viwanja vinavyokaa wazi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Meza moja ya seremala, mbao zilizokauka vizuri, wazee watatu na vijana watatu: hivyo vinatosha kuanza. Kijana ataondoka na ufundi. Mzee ataacha kuhesabu siku, ataanza kuhesabu magita.

Kanisa linaloomba gita lilie vizuri siku ya Bwana, lianze kumpa nafasi mzee anayeweza kulitengeneza.