Shimo Jeusi Hujulikana kwa Kazi Yake

Wako watu wasemao kwamba kitu kisichoonekana hakiwezi kuchunguzwa. Mimi nasema sivyo. Shimo jeusi la mbinguni huvuta kwa nguvu nyingi hata nuru haiwezi kutoka ndani yake. Lakini nyota ikilikaribia mno, huvutwa, hurefushwa kama uzi, hata ikararuka. Mabaki yake hulizunguka shimo yakiwaka sana, kisha mng'ao hufifia kwa muda wa miezi.

Mwaka 2019 darubini ziliona mng'ao wa namna hiyo, ukapewa jina AT2019qiz. Ulitoka mbali sana, nuru yake ikisafiri miaka milioni 215 hivi. Na mahali pale pa mbingu hupita karibu sawasawa juu ya vichwa vyetu hapa Peramiho.

Wataalamu waliutambuaje? Walipiga picha za mbingu zile zile usiku baada ya usiku, wakazilinganisha, kisha wakaichambua nuru yake, maana hata nyota inayolipuka yenyewe hung'aa.

Basi, wanafunzi, macho makali peke yake hayatoshi. Asiyeweka habari za jana hawezi kutambua jambo geni la leo. Andikeni kila siku mnayoyaona, hata yakiwa madogo.