Kabla ya kununua pagi, msikilize anavyopumua

Barua tatu mwezi huu zimeuliza jambo moja, na zote zimetoka kwa akina mama. Watoto wameona kwenye simu kijibwa chenye uso uliobonyea, macho makubwa na mkia uliojiviringa mgongoni, na sasa nyumbani hakuna amani. Mmoja anasema binti yake anatimiza miaka tisa na hataki keki wala gauni, anataka mbwa huyo tu.

Huyo anaitwa pagi. Nianze na uzuri wake, maana upo. Asili yake ni China, alikofugwa na watawala kwa ajili ya kukaa na watu, si kuwinda wala kulinda. Baadaye alifika Uholanzi na Uingereza, na Malkia Victoria alikuwa nao kadhaa. Uzito wake ni kilo 6 hadi 8 hivi. Wengi wana rangi ya mchanga na uso mweusi, wengine ni weusi mwili mzima. Anapenda watu kupita kiasi. Ukienda jikoni yuko nyuma yako, ukienda msalani anakungoja mlangoni. Kwa watoto ni mvumilivu. Lakini kama mume wako anadhani mtakuwa mmepata mlinzi, mweleze mapema kwamba mwizi atapokelewa kama mgeni wa Idi. Tena ni mlafi, hunenepa haraka, na nywele zake fupi hupukutika mwaka mzima.

Shida iko kwenye uso huo huo unaotuvutia. Mchoraji wa Uingereza William Hogarth alimaliza mwaka 1745 picha yake mwenyewe akiwa na pagi wake. Picha hiyo ipo London hadi leo, na mbwa aliye ndani yake ana pua iliyochomoza na miguu mirefu kuliko hawa tunaowaona sasa. Katika vizazi vilivyofuata watu walichagua kupandisha wale wenye nyuso fupi zaidi, kisha fupi zaidi ya hapo. Mifupa ya uso ikafupika, ila nyama za ndani hazikupungua kwa kiasi hicho. Kaakaa laini likabaki refu na kuziba njia ya hewa kooni, na matundu ya pua yakawa membamba kama mpasuo. Kule kukoroma ambako watu hurekodi na kucheka ni mnyama anayevuta hewa kwa shida.

Sasa fikiria Januari ya Dar es Salaam. Mbwa hapozi mwili kwa jasho kama sisi, hupoza kwa kuhema. Asiyeweza kuhema vizuri hawezi kupoa, na joto likimzidi anaweza kufa mchana huo huo. Pagi hawezi kufungwa bandani uani, wala kuachwa ndani ya gari dakika chache wakati unanunua mkate. Matembezi yake ni alfajiri na jioni, kwa mkanda wa kifuani, si wa shingoni. Anahitaji chumba chenye hewa, na lazima ujue mtafanya nini umeme ukikatika saa nane mchana.

Ongeza macho, ambayo kwa kuchomoza kwake huchubuka kwa urahisi na kupata vidonda. Ongeza mikunjo ya uso, ambayo huoza isipofutwa na kukaushwa mara kwa mara. Mkia ule wa kujiviringa nao huenda pamoja na pingili za uti wa mgongo zilizoumbika vibaya. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Wanyama cha London walilinganisha pagi na mbwa wengine wa Uingereza, wakakuta uwezekano wake wa kupata ugonjwa ndani ya mwaka ni karibu mara mbili.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, kaeni kikao nyumbani. Nani atafuta hiyo mikunjo? Nimeona nyumba nyingi ambako mbwa ni wa mtoto kwa jina, lakini kazi ni ya dada wa kazi ambaye hakuulizwa, na pengine anaogopa mbwa au dini yake haimruhusu kuguswa na mate yake. Kama bibi anayeishi nanyi hataki mbwa ndani ya nyumba anamoswalia, basi pagi si wenu, kwa sababu huyu hawezi kuishi nje. Na bajeti ya daktari wa mifugo iwe pembeni na bei ya kununulia.

Mkikubaliana, kazi ngumu ni kumpata mzalishaji wa kweli. Wengi wanaotangaza mitandaoni ni madalali. Hawajui mama wa hao watoto wa mbwa yuko wapi. Anayekwambia mkutane kituo cha mafuta, atakuja nao kwenye boksi, usiende. Anayetaka umtumie nusu ya fedha kwa simu kabla hujamwona mbwa, mwache pia.

Nenda pale walipozaliwa, umwone mama yao akiwa nao. Omba atembezwe kwa haraka uani dakika tatu, kisha nyamaza umsikilize. Kipimo cha wataalamu kiko karibu na hapo: Chuo Kikuu cha Cambridge na klabu ya mbwa ya Uingereza walianza mwaka 2019 kuwapima pagi kwa kuwasikiliza kwa chombo cha daktari kabla na baada ya kukimbizwa polepole kwa dakika tatu, na kuwapa daraja kuanzia 0 hadi 3. Wa daraja la 3 hatakiwi kuzalishwa. Masikio yako hayatoshi kutoa daraja, lakini mama anayekoroma akiwa macho, anayekwama na kutafuta hewa baada ya mwendo mfupi, amekupa jibu. Tazama matundu ya pua yake na ya watoto wake: yawe wazi. Kama inawezekana, mwone na dume.

Muulize mwenyeji jike huyo amezaa mara ngapi, na kama alifanyiwa upasuaji, maana vichwa vya pagi ni vikubwa na wengi hawazai bila kisu. Asitoe mtoto wa chini ya wiki nane. Kadi ya chanjo iwe na mhuri wa daktari na tarehe, si maneno ya mdomo. Kama ana hati za nasaba, kwa mfano za East Africa Kennel Club ya Nairobi, vizuri, lakini hati hueleza wazazi ni akina nani tu, haisemi wanapumuaje. Anayekupandishia bei kwa sababu ya "rangi adimu" au "udogo wa pekee" anauza rangi na udogo. Mzalishaji mzuri atakuhoji pia: unaishi ghorofa ya ngapi, mchana nani yuko nyumbani. Usikasirike.

Halafu kuna mtego wa huruma. Umefika, umekuta kibanda kinanuka, mtoto mmoja macho yana usaha, na mwanao ameshamkumbatia. Utataka kumnunua ili umwokoe. Fedha hiyo ndiyo itakayompeleka mama yake kupandishwa tena msimu ujao. Ndiyo maana nasema mara ya kwanza nenda bila mtoto.

Na kama baada ya yote haya hamkumpata wa kuridhisha, au joto la nyumba yenu linawatia shaka, mbwa wa kienyeji ana pua ndefu, anastahimili jua letu, na akilelewa ndani tangu mdogo humpenda mtoto vilevile. Naye apate chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, na irudiwe kila mwaka.